Kumsindikiza Bwana Dismas

Kuku wangu watatu walichinjwa kwa ajili ya Dismas Komba kabla hajatusaidia hata chembe. Wa kwanza alikuwa jogoo mwekundu, na yule jogoo nilikuwa nampenda. Nasema mapema ili mtu asije akadhani namsifu mwanamume huyu kwa uzuri wa uso, maana uso wenyewe ni wa kawaida tu, na masikio yamemsimama utadhani anasikiliza redio ya jirani. Namsifu kwa kazi yake. Na kazi yake, kama hujawahi kuisikia, ni kulalamikiwa.

Ndiyo, kuna mtu analipwa mshahara ili watu wamlalamikie. Halmashauri wanamwita afisa malalamiko. Maji yakikatika, daraja likioza, mtendaji akifunga ofisi akaenda kunywa chai mpaka Alhamisi, wewe mwananchi unamwendea yeye. Anasikiliza, kisha anakwenda kugonga milango ya wakubwa wenye idara zao mpaka wamjibu. Fundi hana, gari hana, fungu hana. Ana masikio yale niliyokwambia, na pikipiki ya serikali inayokohoa.

Mwenyewe ni mtoto wa Lindi mjini. Baba yake alikuwa Mngoni aliyeteremka kutoka Songea kuja kukata mkonge, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Dismas akasoma, akawa mwalimu, akafundisha miaka mingi huko Rondo nilikozaliwa mimi, mpaka vumbi la chaki likamharibia kifua ndipo akaomba kazi ya ofisini. Wakampa meza ambayo wenzake walikuwa wanaikimbia. Huko ofisini wanamwita Bwana Kero. Mkewe, Rosa, anayekaanga vitumbua Kilwa Masoko, analalamika kuwa mume anarudi nyumbani masikio yamejaa, hata mtoto akimwita hasikii. Na kwa kuwa mimi ni Mmwera na yeye ni Mngoni, ni mtani wangu. Kwa hiyo haya ninayosema juu ya masikio yake nina haki nayo, na yeye hana ruhusa ya kununa.

Sisi tuko Nambunda, mbele ya Njinjo, ukishavuka mto na kupanda vilima kama mtu anayeelekea Likawage. Tunalima ufuta, mbaazi na mahindi. Waislamu na Wakatoliki tumechanganyika, tunazikana na kulishana sikukuu. Mimi jina langu Valeria, wengi wananiita Mama Jeni. Nina mdomo, wala sikatai, kila mtu atakwambia.

Tunayo zahanati ndogo, safi, na muuguzi wetu Fortunata ni mtu wa watu. Tulichokosa ni maji. Pampu ya mkono iliyoko nyuma ya zahanati ilikufa. Ukishika mpini unapanda na kushuka, unapata mazoezi tu. Bila maji chumba cha kujifungulia hakiruhusiwi kufunguliwa, na Fortunata anafuata taratibu. Alitia kufuli huku analia, lakini alitia. Tangu hapo mwanamke wa Nambunda akikaribia siku zake anavushwa mto kwenda Njinjo. Kiangazi hilo si neno, mto unavukwa kwa miguu. Masika ni habari nyingine.

Binti yangu Jenipher uchungu ulimkuta masika. Tulikaa ukingoni tukingoja maji yapungue, yeye amelala kwenye kitanda cha kamba tulichombebea, na mtoto hakungoja. Alizaliwa pale kwenye matope, hakulia. Siwezi kusema zaidi ya hapo, nikisema zaidi nitaiacha habari hii njiani. Mwaka huu ninaousimulia Jenipher alikuwa mjamzito tena, na kwa hesabu za Fortunata tumbo lingetimia masika yakiwa yamepamba moto. Mimi nilikuwa na ombi moja tu duniani: chumba kile kifunguliwe kabla mto haujafunga.

Sasa utaniuliza, afisa malalamiko alipokuja, si mngemwambia? Haya, sikiliza ujinga wetu, au adabu yetu, mpaka leo sijui niite nini. Kwetu mgeni hapokelewi na shida. Mgeni anaulizwa habari za safari, anapewa maji ya kunawa, anapikiwa. Akikuuliza hali unamjibu salama, hata kama jana umetoka makaburini. Shida ina mahali pake.

Basi Bwana Dismas akaja mara ya kwanza, tumemaliza kuvuna ufuta. Tukakusanyika kwenye darasa la shule. Akajieleza vizuri, kwa heshima, akatuomba tuseme chochote kinachotusumbua. Akasimama Mzee Abdurahmani, mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu wa swala tano na sauti laini, akasema alhamdulillahi, sisi hatuna neno, tunaishukuru serikali kwa kutukumbuka. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyanyuka kwenye dawati, damu imenipanda, lakini mume wangu Laurenti akaivuta kanga yangu kwa nyuma. Akaninong'oneza kuwa mgeni hajala. Na kweli alikuwa hajala. Nikaenda kumchinja jogoo mwekundu.

Alikula vizuri. Huyu bwana kula anajua, hata ming'oko, mizizi yetu ya porini niliyomchemshia, alimaliza sahani, akaomba na ya kuchukulia Rosa. Akanawa, akashukuru, akapiga teke pikipiki yake, akaondoka. Tukabaki tunapunga mikono kwenye vumbi.

Huko kwenye taarifa yake akaandika kwamba Nambunda hakuna malalamiko. Angeandika nini kingine? Tukasikia kijiji chetu kimesifiwa kwenye kikao kuwa ni cha mfano, watu watulivu, hawana kelele. Na pampu mpya moja iliyokuwapo ikapelekwa kijiji kingine, ambako walimpigia makelele tangu asubuhi mpaka akakosa chakula cha mchana. Wao walimshindisha na njaa wakapata pampu. Sisi tulimpa jogoo. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa napeta mbaazi, nikautupa ungo mpaka kwa jirani.

Mara ya pili alikuja korosho zikianza kuanguka. Safari hiyo alileta sanduku la maoni, la bluu, lenye kufuli, akalipigilia msumari kwenye baraza ya zahanati. Alisema anayeona haya kusema aandike. Nyigu wakajenga humo, na hao ndio pekee waliopitisha kitu kwenye tundu lile. Mkutanoni akauliza tena, safari hii moja kwa moja kabisa: maji je, mnapata? Mzee Abdurahmani akajibu kuwa maji tunapata, alhamdulillahi. Na hakusema uongo, tunapata mtoni. Bwana Dismas akakuna sikio. Nadhani alianza kunusa kitu, lakini kunusa si kuona. Nikachinja tetea mweupe. Jenipher alikuwa ameanza kuvaa magauni mapana.

Mara ya tatu alikuja wakati wa palizi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nimeshaliegemeza mlangoni, nikampa mkononi kabla hajavua kofia. Nikamwambia mtani, leo utakula ulicholima. Akacheka, akaingia shambani kwangu na viatu vyake vya ofisini, akalima. Alilima vibaya, miche mitatu ya mbaazi aliifyeka pamoja na magugu, lakini alilima na jasho likamtoka. Baada ya hapo mkutano, hatuna neno, makofi, kuku wa tatu, ahsanteni sana. Akapanda pikipiki, akapiga teke, na mnyororo ukakatika vipande viwili.

Hapo sasa. Fundi wa karibu yuko Njinjo, na Njinjo ni kwa miguu. Mgeni anayeondoka kwa miguu haachwi peke yake, hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Laurenti akachukua mkoba wa mgeni, vijana wakashika pikipiki wakaisukuma, Mzee Abdurahmani akachukua bakora yake, Fortunata akafunga zahanati, mimi na Jenipher nyuma, na nusu ya kijiji nyuma yetu. Bwana Dismas akawa anatuambia rudini jamani, msisumbuke. Nani wa kumsikia?

Tulipopita shamba la mwisho watu wakanyamaza. Kwa muda nilisikia matairi tu yakisaga changarawe. Mzee Abdurahmani akakohoa kidogo.

"Bwana Dismas," alisema, akiangalia mbele, "sisi hatujambo. Ila pampu imekufa."

Kijiji kizima kikafunguka. Mmoja akaeleza pampu ilivyoanza kukorofisha, mwingine akaeleza kina mama wanavyokwenda kliniki na ndoo ya maji kichwani, Fortunata akaeleza kufuli, mwingine akatia daraja la magogo lililooza, linalozama kila masika, mwingine choo cha shule. Miezi yote ile iliteremka kwenye ile njia kama mahindi yanayomwagika gunia likichanika. Na kila mmoja alisema kwa upole, akiangalia mbele, hakuna aliyepandisha sauti. Bwana Dismas alikuwa anageuza kichwa huku na huku mpaka nikamwonea huruma. Mwisho akasimama katikati ya njia.

"Mzee wangu, nimekuja kwenu mara tatu. Kwa nini hamkuniambia?"

Mzee Abdurahmani alishangaa, alishangaa kwelikweli.

"Hukuwahi kusindikizwa," akasema.

Ndiyo hiyo niliyokwambia kuwa shida ina mahali pake. Mahali pake ni njiani. Mgeni akishashiba na kuaga, mnamshikia mkoba, mnatembea naye, wote mnaangalia mbele, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Hapo ndipo mwenyeji anasema lake. Hata posa kwetu inakataliwa hapo, kwa heshima, mtu akiwa ameshakula. Lakini wakubwa wa serikali wanakuja na chombo cha moto na kuondoka nacho. Utamsindikizaje mtu aliye ndani ya gari?

Bwana Dismas akakaa chini pembeni mwa njia, akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia akajifutia machozi, akawa anasema miaka yote ile Rondo, mimi mwalimu mzima, nilikuwa natembea na wazazi jioni na ndiko walikonieleza kila kitu, pikipiki ndiyo iliyonisahaulisha. Na sisi tukacheka naye. Kicheko kile kilitufikisha mpaka mtoni, na hapo mtoni mimi nikamshika mkono.

"Hapa," nikamwambia. "Mjukuu wangu alizaliwa hapa, Bwana Dismas, hakulia. Na Jenipher unamwona alivyo."

Akaacha kucheka. Akamtazama Jenipher, akautazama mto, wakati huo maji yanafika vifundoni tu. Akauliza siku zake ni lini, nikamwambia masika katikati.

"Mama Jeni, mimi pampu sina," akasema. "Nina miguu tu. Lakini nitaitumia."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilitaka aniahidi, aape, anitulize moyo. Kumbe angeahidi ningemdharau baadaye.

Huko ofisini alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Ismael, mkuu wa mambo ya maji. Usije ukamchukia Bwana Ismael, si mtu mbaya. Ni mtu wa makaratasi, suruali imenyooka, viatu vinang'aa. Akamsikiliza Dismas mpaka mwisho, halafu akamtolea taarifa zake mwenyewe. Nambunda, hakuna malalamiko. Nambunda, hakuna malalamiko. Wanaopiga kelele wako wengi, akasema, nitaanzaje na waliosema hawana shida? Dismas alinipigia simu kunieleza, nikamsikia anacheka na kuguna pamoja. Alisema amejifungia mlango mwenyewe na ufunguo ameumeza.

Lakini hakuacha. Kila asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bwana Ismael na vitumbua vya Rosa kwenye karatasi. Hasemi kitu kirefu, anaweka vitumbua mezani, anasema Nambunda, anaondoka. Mtu atakula vitumbua vya bure mpaka lini bila kuona haya? Mwisho Bwana Ismael akasema sawa, nitakwenda mwenyewe, na wakiniambia kwa vinywa vyao kuwa wana shida, nitaamini.

Niliposikia hivyo nikaenda kwa Mzee Abdurahmani mbio, kilemba mkononi. Nikamwambia mzee, safari hii moja tu, sema pale mkutanoni, sema kabla ya chakula, kwa ajili ya Jenipher. Akakataa. Akaniuliza kama mtu hajanawa hata mikono utamtupiaje maiti mapajani? Nikamjibu maneno ambayo sitayarudia, maana mzee yule ni sawa na baba mkwe wangu, nikamwambia na mficha uchi hazai. Tukaachana tumenuniana. Nikampigia Dismas nikimlalamikia, si ndiyo kazi yake. Akasema Mama Jeni, msigombane. Pikeni kama kawaida. Gari nitaliacha ng'ambo ya mto, magogo ya daraja hayawezi kulibeba. Na kweli yasingeweza, hakusema uongo hata kidogo.

Siku waliyokuja mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Likawage. Bwana Ismael akaingia darasani na mkoba wake mweusi, viatu vimepata matope kidogo ya mtoni, anavitazama kila mara. Akauliza kama kuna shida. Mzee Abdurahmani akasimama, alhamdulillahi, hatuna neno. Bwana Ismael akamgeukia Dismas kama mtu aliyekula kete zote kwenye bao. Mimi nilikuwa nimekaa na Jenipher, mkono wake uko mkononi mwangu. Dismas yeye alikuwa anangoja chakula tu. Nikaenda kuchinja kuku wa nne. Huyo namwandikia Bwana Ismael, hayumo kwenye hesabu ya Dismas.

Akala, akanawa, akaaga. Akanyoosha mkono kuchukua mkoba wake na mkoba haukuwepo. Laurenti alikuwa ameshautundika begani, anakwenda nyuma kabisa, na mume wangu katika maisha yake hajawahi kutembea haraka. Kijiji kizima kilitoka. Jenipher alitangulia tumbo mbele, ndoo tupu mkononi, maana kesho yake ilikuwa kliniki na maji yake alikuwa hajayateka. Fortunata alivaa ufunguo wa chumba kile shingoni kama rozari. Bwana Ismael alitaka kwenda haraka, mvua isimkute, lakini mtu atakwendaje haraka mkoba ukiwa nyuma?

Tukapita shamba la mwisho. Mzee Abdurahmani akakohoa. Na mimi, niliyekuwa nimemnunia, nikasema kimoyomoyo, sema baba, sema.

Akasema. Sisi hatujambo, Bwana Ismael, ila. Wakafuata wengine, kila mmoja na lake, polepole, macho mbele. Bwana Ismael akaanza kusema mbona kule darasani, akakatiza mwenyewe. Dismas alikuwa anatembea pembeni yake, hatii neno hata moja. Kimya chake kiliniudhi, nilitaka atusemee. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa sauti yake Bwana Ismael alishaizoea, angemsikia yeye asitusikie sisi.

Tulipofika mtoni Jenipher akateremka, akachota kwa kata mpaka ndoo ikajaa, akaanza kupanda nayo ukingo, mkono mmoja kiunoni. Bwana Ismael akateremka na viatu vyake vile, akashika ndoo upande mmoja. Wakapanda wote. Akaiweka chini, akawa anahema.

"Haya ndiyo maji ya kliniki, baba," Jenipher akamwambia. "Ya kujifungulia siwezi kuyabeba, ni mengi. Na mto ukijaa siwezi kuvuka. Wa kwanza nilimzalia pale."

Akaonyesha kwa kidole. Hakulia, hakulaumu, sijui mtoto wangu alipata wapi utulivu ule, kwangu hakuutoa. Bwana Ismael akatazama pale palipoonyeshwa. Kulikuwa na majani tu.

Kwetu wasindikizaji hawarudi mpaka mgeni awaambie warudi. Bwana Ismael, ambaye ni mtu wa pwani na desturi anazijua, akasema kwa sauti ndogo: haya, rudini, nimesikia. Hakuna aliyegeuka. Mzee Abdurahmani akaegemea bakora yake.

"Tutarudi, baba," akasema. "Tuambie turudi na neno gani."

Bwana Ismael akamtazama Dismas. Dismas akatazama maji. Ngurumo ikapita mbali huko juu.

"Rudini na hili," Bwana Ismael akasema. "Fundi atakuja kabla mto haujajaa, na mimi nitakuja naye."

Ndipo Laurenti akampa mkoba.

Nilimwamini? Hapana. Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikanyesha, mimi nakwenda mtoni kupima maji kwa mguu wangu, leo kifundo, kesho nusu ya goti. Na Dismas aliniambia kuwa vitumbua havikukoma huko. Halafu asubuhi moja nikasikia kile kikohozi cha pikipiki, na nyuma yake watu wanakuja kwa miguu wamebeba vyuma begani, suruali zimekunjwa, na mmoja wao ni Bwana Ismael, peku, viatu vyake amevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Nilipiga kigelegele mpaka kuku waliobaki wakakimbia, wao walijua wageni kwangu maana yake nini.

Walishinda wanavuta mabomba. Mpini ukasukumwa, ukatoa upepo, ukatoa tope, ukatoa maji mekundu, ukatoa maji. Mzee Abdurahmani akanawa uso, akatawadha palepale. Mimi nikamwendea nikapiga goti, nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, na ugomvi wetu ukaishia hapo. Fortunata akafungua kufuli, wanawake tukaingia na mafagio na sabuni, tukasugua chumba kile kuta na sakafu huku tunaimba.

Mto ulijaa wiki iliyofuata. Jenipher akashikwa asubuhi ya mvua kubwa, mvua ya kutosikilizana. Nilikuwa naye ndani. Kwa mbali nilisikia mto unavyonguruma, na kwa karibu nilisikia pampu, Laurenti anasukuma mpini huko nyuma ingawa ndoo zote zilikuwa zimeshajaa, hakuna aliyeweza kumwambia aache. Mtoto akatoka. Fortunata akamfuta, akampiga kidogo mgongoni, na mtoto akalia. Alilia mpaka Mzee Abdurahmani barazani kwake akasikia ndani ya mvua, akasema allahu akbar. Nami nikakaa sakafuni nikalia kumshinda mtoto. Msichana. Masikio madogo, namshukuru Mungu.

Siku hizi Dismas hafanyi kazi yake namna nyingine. Kijiji chochote anachokwenda, pikipiki anaiacha mbali, anaingia kwa miguu, anakula, anaaga, anasindikizwa. Ofisini wanamcheka kuwa kazi ya saa moja anaifanya siku nzima, na Qutbuddin mwenye duka la viatu Kilwa Masoko anamwita mteja wake mkubwa. Lakini Rosa anasema sasa anarudi nyumbani akiwa mwepesi. Choo cha shule yetu kimejengwa. Daraja bado, na nitamkumbusha.

Masika yalipokwisha alikuja kumwona mtoto. Nilimchinjia, sikuhesabu. Alipoaga nikamfunga mjukuu wangu mgongoni, nikatundika mkoba wa mgeni begani, nikamsindikiza mwenyewe, wengine wakabaki. Tukapita mashamba. Mtoto alikuwa amelala, anapumua kwenye shingo yangu.

"Sisi hatujambo, Bwana Dismas," nikasema.

Akapunguza mwendo. Akainamisha kichwa kidogo, masikio yale yamesimama, anangoja. Nikaendelea kutembea. Tukateremka mpaka mtoni, pale pale, na bado alikuwa anangoja.

"Sema, Mama Jeni. Nasikiliza."

"Nimemaliza," nikamwambia. "Hatujambo."

Alisimama akautazama mto, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, halafu akanipa kisogo akawa anajifuta vumbi usoni, na siku ile ardhi ilikuwa imelowa, vumbi halikuwepo. Nikamwambia mtani, Wangoni hawalii. Akasema rudi, Mama Jeni, rudi, akavuka.

Nilikuwa nimeshafika kwenye shamba la mbaazi nilipogundua kuwa mkoba wake bado uko begani mwangu.